Ukuta wa Sierre

Usiku wa Jumanne, tarehe 13 Machi, 2012, kiasi cha saa tatu na robo, basi la safari lililowabeba wanafunzi wa shule mbili za msingi za Ubelgiji liliingia katika handaki la barabara kuu ya A9 karibu na mji mdogo wa Sierre, katika jimbo la Valais nchini Uswisi. Ndani yake walikuwamo watu 52: watoto 46, wengi wao wenye umri wa miaka 11 na 12, watu wazima wanne waliowaongoza, na madereva wawili. Watoto hao walikuwa wanatoka katika kijiji cha Saint-Luc, kwenye bonde la Anniviers, walikokwenda pamoja na walimu wao kujifunza kuteleza juu ya theluji. Ni desturi ya miaka mingi katika Ulaya ya magharibi kwa darasa zima kupelekwa milimani wakati wa baridi, na kwa mtoto wa Ubelgiji, ambaye nchi yake ni tambarare kwa sehemu kubwa, safari hiyo husubiriwa mwaka mzima. Sasa ilikuwa imekwisha. Basi lilikuwa limeteremka kutoka milimani, limeipata barabara kuu, na mwendo wa usiku kucha wa kurudi nyumbani ulikuwa ndiyo kwanza unaanza.

Ndani ya handaki hilo, kama ilivyo katika mahandaki mengi marefu, waliojenga walichonga maegesho ya dharura, yaani sehemu ambazo handaki hupanuliwa upande wa kulia ili gari lililoharibika lipate pa kusimama bila kuziba njia. Basi lilihama taratibu kuelekea kulia, likagusa ukingo wa njia, likaingia katika mojawapo ya maegesho hayo bila kupunguza mwendo. Mwisho wa egesho palikuwa na ukuta wa zege. Ukuta huo ulisimama ukiitazama njia uso kwa uso, kama ukuta wa chumba unavyomkabili mtu aingiaye mlangoni. Basi liliugonga kwa mbele.

Walikufa watu 28. Ishirini na wawili kati yao walikuwa watoto. Sita waliobaki ndio watu wazima wote waliokuwamo. Waliotoka hai walikuwa watoto 24, na kila mmoja wao alijeruhiwa. Waokoaji walifanya kazi usiku kucha, na helikopta zikawapeleka majeruhi katika hospitali za miji mbalimbali ya Uswisi. Kesho yake wazazi walisafirishwa kwa ndege bila wengi wao kujua kama wanakwenda kumwona mtoto hospitalini au kumtambua miongoni mwa maiti. Tarehe 16 Machi Ubelgiji nzima ilisimama kimya kwa dakika moja, saa tano ya asubuhi.

Baada ya kimya lilikuja swali, nalo lilikuwa lilelile linaloulizwa baada ya ajali yoyote, iwe Ulaya au Afrika: ni kosa la nani?

Swali hilo lilishughulikiwa kwa bidii ambayo ni ajali chache za barabarani duniani zimepata kuipata. Mwendo wa basi ulipimwa, ikaonekana kwamba lilikuwa likienda kiasi cha kilomita 100 kwa saa, ambao ndio mwendo ulioruhusiwa. Damu ya dereva ilipimwa; hakuwa amelewa. Basi lenyewe lilichunguzwa, usukani na breki; halikuonekana kuwa na hitilafu iliyoweza kueleza ajali. Hapakuwa na gari jingine lililohusika. Barabara ndani ya handaki ilikuwa nyoofu na kavu. Madereva walikuwa wawili ili wapate kupokezana, na safari ilikuwa changa. Polisi walieleza kwamba watoto walikuwa wamefunga mikanda. Kila kitu ambacho mwalimu mkuu mwangalifu angekikagua kabla ya kuruhusu safari kilikuwa mahali pake.

Zilibaki dhana. Huenda dereva alisinzia. Huenda aligeuza macho kwa nukta chache kutazama kitu. Huenda alipatwa na ugonjwa wa ghafla. Hakuna iliyothibitika. Mwaka 2014 mwendesha mashtaka wa Valais aliifunga kesi bila ya mtu kupata kujua kwa yakini kwa nini basi lilihama njia. Dereva, ambaye pekee angeweza kusema, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Wazazi kadhaa hawakuridhika, na ni nani awezaye kuwalaumu? Mtu aliyempoteza mtoto anastahili kupewa sababu.

Hata hivyo, yapo maswali mawili katika ajali hii, na ni hasara kubwa kwamba aghalabu huchanganywa kuwa moja. La kwanza ni kwa nini basi liliacha njia yake. La pili ni kwa nini watu 28 walikufa. La kwanza halikupata jibu na pengine halitapata kamwe. Jibu la pili lilikuwa limesimama pale pale handakini, limejengwa kwa zege, na yeyote mwenye elimu ya fizikia ya shule ya sekondari aliweza kulisoma.

Basi kubwa la safari lenye abiria na mizigo lina uzito wa kiasi cha tani 18. Likienda kilomita 100 kwa saa, yaani karibu mita 28 katika kila sekunde, hubeba nishati ya mwendo ipatayo jouli milioni 7. Tarakimu hiyo haimwambii kitu mtu wa kawaida, kwa hiyo yafaa kuigeuza. Nishati hiyo ndiyo ambayo basi lingekuwa nayo kama lingeinuliwa hewani mita 39 na kuachiwa lianguke. Mita 39 ni kimo cha jengo la ghorofa 13. Abiria anayesinzia kitini katika barabara kuu iliyonyooka hahisi hatari yoyote, lakini kwa hesabu ya nishati amekaa juu ya paa la jengo hilo, na kinachomtenganisha na ardhi ni dereva kushika usukani sawasawa.

Nishati hiyo haina budi kwenda mahali fulani. Dereva akifunga breki, huenda katika breki na matairi, nayo hupata joto. Kazi hiyo huchukua makumi kadhaa ya mita, na abiria husukumwa mbele kidogo tu. Ukuta ulio wima, usiosogea wala kubonyea, hautoi nafasi hiyo. Nafasi pekee iliyopo ni ile itakayopatikana kwa kukunjika kwa basi lenyewe. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba sehemu ya mbele ya basi hukunjika kwa mita mbili. Hapo mwendo wote humalizika katika kiasi cha sehemu moja ya saba ya sekunde, na kila mwili uliomo husukumwa mbele kwa kani iliyo mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 40 anakuwa kama mzigo wa kilo 800, sawa na magunia manane ya mahindi, unaovuta mkanda mmoja na kiti kimoja. Viti vya mabasi havikutengenezwa kwa mzigo kama huo. Kanuni namba 80 ya Umoja wa Mataifa, ambayo hufuatwa na watengenezaji wa mabasi barani Ulaya, hukijaribu kiti kwa mgongano wa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa. Kwa hiyo haishangazi kwamba ndani ya basi la Sierre viti viling'oka pamoja na watoto waliokuwa wamejifunga kama walivyoagizwa.

Elimu hii si mpya. Mwaka 1942 Mmarekani mmoja, Hugh DeHaven, ambaye ujanani alinusurika katika ajali ya ndege, alitoa uchunguzi juu ya watu walioanguka kutoka vimo vya kati ya mita 15 na 46 wakapona. Alitaka kujua ni kitu gani kiliwaokoa. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyeanguka kutoka ghorofa ya 17 akatua juu ya sanduku la bati la kupitishia hewa. Bati lilibonyea kwa kiasi cha sentimita 30 hadi 45, naye akavunjika mifupa lakini akaishi. DeHaven hakuona muujiza wowote katika jambo hilo. Alipima kina cha kubonyea, akapiga hesabu, akaonyesha kwamba mwili wa binadamu huvumilia mengi kuliko idhaniwavyo iwapo utapewa nafasi ya kusimama, japo ni nafasi ya shubiri mbili tu. Msomaji aangalie kwamba kile kimo cha mita 39 kimo ndani ya vimo alivyovichunguza DeHaven. Nchi ambayo ilikuwa na elimu hiyo kwa miaka 70 ilikuwa bado na ukuta uliosimama kama ule.

Kuna njia nyingine iliyo rahisi zaidi ya kumpa abiria nafasi, nayo haihitaji kitu chochote kinachobonyea. Ni kuugeuza ukuta. Gari likigonga ukuta uliolala kwa mshazari, sehemu tu ya mwendo wake huelekea ukutani, na sehemu iliyobaki huendelea sambamba na ukuta huku gari likijisugua na kupungua mwendo. Pembe kati ya njia na ukuta ikiwa nyuzi 20, basi lenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa huusukuma ukuta kana kwamba lingekuwa na kilomita 34. Kwa kuwa nishati hufuata kipeo cha pili cha mwendo, kiasi kinachoelekea ukutani si theluthi moja bali ni asilimia 12 tu. Jengo la ghorofa 13 limeshuka likawa nyumba ya ghorofa moja. Watu wangeumia, na pengine baadhi wangekufa. Lakini kiti kilichojaribiwa kwa kilomita 30 kingekuwa sasa kinafanya kazi iliyokaribia ile kilichojaribiwa kuifanya, na mkanda ungekuwa na maana.

Kwa nini basi ukuta ule haukulazwa? Jibu lake halina siri. Aliyeuchora alikuwa anafikiria gari bovu linaloingia polepole na kusimama; kwa gari kama hilo egesho lenye ncha za mraba linatosha, na kulichonga ni rahisi. Handaki lilikuwa limefunguliwa mwaka 1999 na lilijengwa kwa kufuata taratibu za wakati wake. Jambo hilo lilitajwa mara nyingi baada ya ajali kama utetezi. Lakini kusema kwamba ukuta ulifuata kanuni hakuuondolei ukuta lawama. Kunaihamishia lawama hiyo kwa kanuni, na kutoka hapo kwa wale waliokaa mezani kuiandika bila kujiuliza ni nini kitatokea siku ambayo gari litaingia mle pasipo kukusudia.

Swali hilo ndilo lililomshughulisha Dk. William Haddon, daktari aliyeongoza idara ya kwanza ya serikali ya Marekani ya usalama wa barabarani katika miaka ya 1960. Madaktari wenzake walikuwa wamezoea kumtafuta mdudu wa ugonjwa. Haddon alisema kwamba katika ajali mdudu huyo ni nishati, na kwamba kama vile mtu hahitaji kumjua kila mbu ili apunguze malaria, vivyo hivyo hahitaji kukijua kila kisa cha kusinzia ili apunguze vifo. Anaweza kuipunguza nishati, kuitenga na watu, au kuiwekea kitu laini kati yake na mwili. Miaka 30 hivi baadaye, mwaka 1997, bunge la Sweden liliyafuata mawazo ya namna hiyo lilipoamua kwamba wanaojenga barabara wanapaswa kuchukulia tangu mwanzo kuwa dereva atakosea, na kwamba kosa lake halistahili hukumu ya kifo.

Wapo watakaosema kwamba kufikiri hivi ni kumpa dereva ruhusa ya kuzembea. Hoja hiyo ina uzito, hasa mahali ambapo madereva hushindana kupita malori kwenye vilima na wenye mabasi huwalipa kwa kuhesabu safari. Ni kweli kwamba mwendo ukishushwa kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa nishati hupungua kwa zaidi ya theluthi, na hakuna ukuta wa kulaza unaoweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo namna ile. Ni kweli pia kwamba dereva aliyechoka ni hatari kabla hajafika kwenye ukuta wowote. Lakini ajali ya Sierre ina thamani ya pekee katika mabishano haya, kwa sababu ndani yake mambo yote ambayo kwa kawaida hutupiwa lawama yaliondolewa moja baada ya jingine: ulevi, mwendo wa kupita kiasi, ubovu wa gari, uhaba wa mikanda, ubovu wa lami. Ni kama jaribio la maabara, ingawa ni ukatili kuliita hivyo. Nidhamu yote ilikuwapo, na vifo vikawapo. Kilichobaki juu ya meza baada ya kuondoa vyote ni nukta chache ambazo hazikupata maelezo, na ukuta.

Waswisi walilielewa jambo hilo kabla kesi haijafungwa, na hilo ni la kuwasifu. Idara ya barabara iliyapitia maegesho ya dharura ya mahandaki yake ikaanza kuzikinga kuta za namna ile kwa zege lililolazwa mshazari au kwa vifaa vinavyobonyea. Haikungoja kujua dereva alikuwa anatazama nini. Kama ingengoja, ingekuwa inangoja mpaka leo.

Miaka mitano baada ya Sierre, usiku wa kuamkia tarehe 21 Januari, 2017, basi jingine la wanafunzi waliokuwa wakirudi kutoka safari ya theluji, mara hii Wahungari waliotoka Ufaransa, liliacha njia katika barabara kuu karibu na Verona, Italia, likagonga nguzo ya daraja na kuwaka moto. Walikufa watu zaidi ya 15. Nchi tofauti, basi tofauti, na mambo mengi yalikuwa tofauti; lakini pale pia, pembeni mwa njia ya magari yaendayo kasi, palikuwa na kitu kikubwa kisichosogea.

Mwaka huohuo, tarehe 6 Mei, msiba ulifika Tanzania. Basi dogo lililowabeba wanafunzi wa darasa la saba kwenda kufanya mtihani wa majaribio katika shule nyingine liliacha barabara kwenye mteremko wa Rhotia, wilayani Karatu, likatumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu tu walinusurika, wakapelekwa Marekani kwa matibabu, na taifa zima likafuatilia habari za kupona kwao. Safari hiyo haikuvuka mpaka wa nchi wala haikuwa ya usiku. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa juu ya dereva, juu ya mvua, juu ya idadi ya watoto garini na juu ya mwenye gari. Yote yalistahili kuzungumzwa. Lakini ni wachache waliouliza ni kitu gani kilikuwapo kati ya lami na korongo, na kama kilikuwapo, kilijengwa kuzuia gari la uzito gani, kwa pembe ipi.

Hapa nchini mahandaki ya magari ni nadra, na kwa hiyo mtu aweza kudhani kwamba ukuta wa Sierre haumhusu. Ukuta huo upo katika sura nyingine. Ni ncha ya ukuta wa karavati iliyosimama pembeni mwa lami, ikiwa imepakwa rangi nyeupe na nyekundu kana kwamba rangi hupunguza ugumu wa zege. Ni mwanzo wa ukingo wa daraja, mahali ambapo barabara pana hubanwa ghafla ikawa nyembamba. Ni vyuma vya pembeni vilivyong'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, vikabaki vigingi vitupu juu ya korongo. Ni lori lililokufa njiani usiku, lina tani 40, halina taa, na onyo lake pekee ni matawi mabichi yaliyotandazwa hatua chache nyuma yake. Kwa basi linalokuja kwa kilomita 80, sakafu ya lori hilo haina tofauti na ukuta wowote wa Ulaya. Tena ni mbaya zaidi, kwa kuwa iko kwenye kimo cha kioo.

Kwa takriban miaka 30 dawa iliyotumiwa hapa nchini dhidi ya ajali za namna hii ilikuwa ni katazo: mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha, hadi katazo hilo lilipoondolewa mwaka 2023. Katazo lina faida yake, lakini haliligusi lori wala karavati. Sasa kwa kuwa mabasi yanatembea saa zote, na shule nyingi zinawapeleka wanafunzi katika hifadhi, katika mashindano, na hata ng'ambo ya Namanga na Sirari kuwatembelea wenzao wa Kenya, hakuna sababu ya kungoja msiba mwingine ndipo zipimwe kingo za madaraja yaliyomo njiani.

Gharama hazitishi kama inavyodhaniwa. Mapipa ya mchanga yanayowekwa mbele ya nguzo za madaraja katika barabara kuu nyingi za Marekani yalibuniwa na John Fitch, dereva wa magari ya mashindano, aliyekuwa katika timu moja na dereva ambaye gari lake liliruka na kuwaangukia watazamaji huko Le Mans mwaka 1955 na kuua watu zaidi ya 80. Fitch aliyajaribu mapipa yake kwa kuyagonga mwenyewe kwa gari. Mchanga na mapipa vipo Tanzania. Yapasa kusemwa wazi, hata hivyo, kwamba kifaa hicho hufaa zaidi kwa magari madogo: basi la tani 18 likigonga tani tano za mchanga kwa kilomita 100 hutoka upande wa pili likiwa bado na kilomita 78. Kwa mabasi, lililo bora ni pembe. Ncha ya ukingo wa daraja ikinyooshwa kwa zege au chuma ikalazwa kuelekea nje, kwa urefu wa kutosha na ikafungwa imara na daraja lenyewe, gari lililopotea huongozwa kurudi njiani badala ya kusimamishwa. Ujenzi huo hauhitaji mtaalamu kutoka nje. Unahitaji mhandisi aliyepewa amri ya kuufikiria na fungu la fedha lisilohamishwa.

Pia inahitajika hesabu, nayo haijafanywa kwa namna ambayo mzazi au mwalimu angeweza kuisoma. Barabara kutoka Arusha hadi Karatu ina ncha ngapi za zege ndani ya mita tatu kutoka ukingo wa lami? Ile ya Morogoro kwenda Iringa, inayopanda Kitonga, ina makorongo mangapi yasiyo na kizuizi, na vizuizi vilivyopo vimeanguka wapi? Kazi hiyo yaweza kuanza hata kabla wenye barabara hawajaamka. Shule ya sekondari iliyo kando ya barabara kuu, ikiwa na mwalimu wa fizikia, futi kamba moja na ruhusa ya polisi, yaweza kupima kilomita tano za kila upande katika majuma mawili: umbali wa kila ncha kutoka ukingo wa lami, kimo chake, pembe yake, na kama kuna alama za kugongwa. Wanafunzi wangepiga hesabu zilezile zilizopigwa hapa juu kwa ajili ya Sierre, kila moja kwa ukuta walioupima wenyewe, na orodha hiyo ingepelekwa kwa meneja wa barabara wa mkoa, nakala kwa bodi ya shule, kabla basi la safari ya mwisho wa muhula halijakodiwa.